Onyesho la Mwisho Lililoliwa na Mchwa

Mchwa wa kwetu hawana haraka. Huanzia chini, wakipanda na udongo wao kidogo kidogo, na siku utakapoinua kitu chako unakuta umebakiwa na upande wa juu tu. Ndivyo walivyokifanyia kitabu changu cha tamthilia. Nilikuwa nimekiacha ndani ya sanduku la mbao nyumbani kwa wazazi, upande wa Mwingi, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nilipokwenda kukitafuta, jalada la nyuma lilikuwa limeisha, na onyesho lote la mwisho pamoja nalo. Sehemu nyingine zote zilikuwa salama, hata maandishi yangu ya penseli pembeni.

"Hawa wamesoma mpaka wakashiba," mdogo wangu alisema nilipomkabidhi.

Yeye ndiye kitinda mimba wetu, ana miaka thelathini na moja, na ni mpishi katika hoteli moja ya Mtito Andei, zile za kando ya barabara ya Mombasa ambapo madereva wa malori husimama kula. Mwaka ule alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alipata kila alichohitaji isipokuwa lugha. Chuo cha uuguzi alichokitaka kilidai C tupu ya Kiswahili ama ya Kiingereza, na Kiingereza alikuwa ameshakisamehe. "Hicho na mimi tulikosana zamani," alikuwa akisema. Kilichobaki ni Kiswahili, na dada yake ni mwalimu wa Kiswahili. Tena bahati ilioje, ile tamthilia niliyosoma mimi shuleni ilikuwa imerudishwa kwenye orodha ya vitabu teule. Sasa hapo mtu aogope nini?

Wacha niseme jambo moja mapema, maana bila hilo mengine hayana uzito. Mama alipopooza, mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Mtu alihitajika nyumbani wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha. Hakuna kikao kilichoitishwa. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, akaja likizo, na shule zilipofunguliwa hakurudi. Ikawa basi. Alimtunza mama miaka minne mpaka tukamzika. Mimi nilikuwa nikija likizo na sabuni na majani chai, naambiwa asante, narudi chuoni. Ndiyo maana alitaka uuguzi. "Kazi naijua," aliniambia, "ni karatasi tu sina." Maneno hayo yalinichoma, na yananichoma mpaka leo.

Kwa hiyo alipoomba nimfundishe, sikuwa na ruhusa ya kukataa. Lakini ningemfundishaje? Mimi nafundisha shule moja karibu na Kalamba. Yeye yuko Mtito, kazini siku saba, na nafasi anayopata ni ile saa moja ya alasiri kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Alikuwa ameanza kutazama masomo ya video mtandaoni, akachoka nayo upesi. Kuna mwalimu mmoja huko aliyefundisha kama anayehubiri kwenye mkutano wa injili, na mwingine aliyesoma mukhtasari mbiombio bila kupumua. "Hao siwawezi," mdogo wangu alisema. "Nirekodie wewe. Wewe hata ukinyamaza najua unafikiria nini."

Nikarekodi. Simu niliiegemeza kwenye debe la ndengu, nikakaa kwenye kigoda, nikafundisha ukuta. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko darasa lenye watoto hamsini, maana watoto angalau hukuonyesha kwa macho kwamba wamepotea. Nilitoka shuleni saa kumi na nusu, sauti imeisha, miguu imevimba, naanza tena. Jirani naye alikuwa anapura ndengu zake. Kila nikifika penye maana, pa! pa! pa! Akinyamaza jirani, mashine ya kusaga unga inawaka. Nikimaliza napanda mpaka kanisani kilimani kutafuta mtandao, nasimama pale na simu juu, waumini wanaokuja kwa mazoezi ya kwaya wananiuliza kama ninaomba. Nilikuwa nikijibu kwamba ndiyo.

Video zile nilizipandisha kwa ajili ya mtu mmoja, lakini mtandao hauna mlango. Wanafunzi wa shule nisizozijua wakaanza kuzitazama na kuniandikia, "Asante mwalimu, barikiwa." Sikatai, nilifurahi. Baada ya miaka yote ya kufundisha watoto wanaosinzia, kuambiwa asante na mtu usiyemjua ni kitu kitamu.

Huko Mtito, mdogo wangu aliegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akawa anasikiliza huku anachambua maharagwe au anakata sukuma. Madereva waliochelewa kula wakasikiliza pia. Wakawa wafuasi. Kulikuwa na mmoja, mtu mzima wa safari za Mombasa na Malaba, aliyekuwa akiingia hata kabla hajanawa mikono, anauliza, "Haya, mtemi amefungua kisima ama bado?" Akiambiwa bado, anaguna, anaagiza chapati na ndengu. Mdogo wangu alinisimulia hayo kwenye simu tukicheka mpaka machozi. Nilimuuliza kama anaelewa. "Mimi?" akasema. "Mimi nikikutahini wewe utaanguka."

Tamthilia yenyewe ni ya zamani na si ngumu. Kuna ukame, na mtemi amekifunga kisima pekee kwa mlango wa mbao na kufuli, ili watu wamnyenyekee. Ufunguo anaushika mke wake mkubwa. Nyumbani mwao kuna kijakazi, kazi yake kuchota maji ya nyumba ya mtemi na kunyamaza. Katika onyesho la mwisho kisima kinafunguliwa mchana kweupe mbele ya watu wote, na aliyekifungua anamgeukia mtemi na kusema: "Maji hayana mlango. Mlango ni wenu." Kila mwalimu anajua kwamba kama kuna dondoo litakalotoka kwenye mtihani, ni hilo.

Na kwa asiyejua mitihani yetu, dondoo ni kitu cha hatari. Unapewa maneno, unaulizwa muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Halafu unaulizwa sifa za huyo msemaji, na umuhimu wake. Ukimkosa msemaji, umeanguka na swali zima. Unaweza kuandika kurasa tatu za Kiswahili safi, na msahihishaji akapitisha kalamu tu. Nimeyafundisha hayo mara ngapi! "Msemaji kwanza," huwa nawaambia watoto, "mengine baadaye."

Onyesho la mwisho ndilo lililoliwa na mchwa. Nilimwahidi mdogo wangu nakala nyingine. Nakala za shule zimehesabiwa, kila mtoto ametia sahihi yake, na kwenye duka la vitabu la mjini Wote walisema zimeisha, nijaribu wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema wiki ijayo. Mwishowe nikamwambia, "Usijali, hilo la mwisho nitakufundisha mimi mwenyewe, neno kwa neno."

Siku niliyolirekodi nilikuwa nimetoka kwenye masomo sita na mkutano wa wazazi. Nakala ya shule, kitabu kizima, ilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuifungua. Sijui niseme ilikuwa uchovu au majivuno. Nafikiri vyote viwili vilikaa kigoda kimoja. Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa akisema kwamba mwalimu anayekijua kitabu hukifundisha kikiwa kimefungwa. Nami onyesho lile niliona nalijua. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu.

Nilikuwa kidato cha nne wakati wale waigizaji wa vitabu teule walipokuja shuleni kwetu kwa pikapu, na madebe na mashuka yao. Wanaijua kila shule ya huku: wanaingia ukumbini asubuhi, wanaigiza kitabu kizima, wanakula muthokoi wa shule, wanaondoka kwenda shule nyingine. Siku ile walikuja wachache. Tulisikia kuna dada mmoja wao aliyeugua njiani. Kwa hiyo wakakata na kushona kama wanavyofanya siku zote, mtu mmoja akabeba nafasi mbili, na mke mkubwa akawa ndiye aliyekifungua kisima. Mwigizaji yule alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na sauti iliyotufanya tukae kimya wasichana wote. "Maji hayana mlango," akasema, na mimi nikalia. Nafikiri siku hiyo ndiyo niliyoamua kuwa mwalimu.

Basi nikawasha simu, nikafunga macho kidogo, nikafundisha kile nilichokiona ukumbini. Nikasema msemaji ni mke mkubwa wa mtemi. Nikataja sifa zake: ni jasiri, ni mwenye huruma, ni mwanamapinduzi. Nikasema kwa moyo wangu wote, na jirani siku hiyo hakupura ndengu hata moja. Ile ndiyo video iliyopendwa kuliko zote.

Mtihani ukafika. Karatasi ya fasihi ilikuwa Jumatatu. Jumapili yake nilirudi kutoka kanisani saa nane, ibada ilikuwa ndefu, na wiki nzima nilikuwa nimekesha na watahiniwa wetu wa shule. Nilijitupa kitandani na nguo zangu. Simu ikalia, nikaona ni mdogo wangu. Nilijua ni wasiwasi, maana wiki hiyo alikuwa amenipigia kuniuliza hata kalamu ya rangi gani. Nikaiacha ilie. Ikalia tena. Ya tatu, nikaigeuza simu kifudifudi, nikavuta shuka. Nilichoka, jamani. Nilijiambia nitampigia jioni, na jioni nikaitwa shuleni kupanga madawati ya ukumbi, nikarudi nikalala. Asubuhi nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Watahiniwa hawaingii na simu.

Saa za mchana watoto wetu walitoka kwenye chumba cha mtihani wakikimbia kunitafuta. "Mwalimu! Limetoka! Maji hayana mlango limetoka!" Niliruka. Nilimfikiria yeye kwanza, nikaona C yake ile pale, nikaona sare nyeupe. Nikawauliza kwa kucheka, "Haya, msemaji?"

"Kijakazi!" wakajibu kwa pamoja.

Nikacheka zaidi. Nikawaambia wameniangusha, msemaji ni mke mkubwa. Msichana mmoja, wa mbele siku zote, akasema taratibu, kwa heshima, "Lakini mwalimu, si tulisoma darasani? Mimi ndiye niliyesoma nafasi ya kijakazi."

Ni kweli walisoma. Muhula wa kwanza, kwa zamu, kitabu kikiwa wazi, na mimi nikiwa nimekaa nyuma ya darasa nikisahihisha insha za kidato cha pili. Nilikwenda ofisini, nikatoa kitabu kwenye mkoba. Kurasa tatu kutoka mwisho. Kijakazi anamwibia mke mkubwa ufunguo, anafungua, anasema. Mke mkubwa hata hayupo jukwaani. Nilikaa kwenye kiti nikausoma ukurasa ule tena, huku nje watoto wanaimba.

Sikumwambia. Alinipigia jioni ile, sauti yake nzito kidogo, akasema mtihani ulikuwa mzuri, tumshukuru Mungu. Nikasema Amina. Nilijitetea kwamba alama za swali moja haziwezi kummaliza mtu, kwamba mengine ameyajibu vizuri. Video niliiondoa bila kumwambia yeyote. Mtu mmoja akaniandikia kuniuliza imekwenda wapi, sikumjibu. Miezi ile ya kungoja nilikuwa nafundisha, napika, naenda kanisani, lakini sikumbuki nilifundisha nini.

Matokeo yalipotoka, Kiswahili chake kilikuwa C ya kutoa. Hatua moja tu chini ya alichohitaji.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mtito Andei. Nilimkuta nyuma ya hoteli, kwenye ule ubaraza wenye kivuli, ungo wa maharagwe mapajani. Alinipa kigoda na chai. Sikuonja. Nikamwambia yote: waigizaji, kitambaa chekundu, kitabu kilichokuwa hatua mbili, video niliyoiondoa. Nikasema, "Nimekuangusha mara mbili. Ulibaki na mama mimi nikasoma, na sasa hili." Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya masufuria.

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Jumapili ile tulienda kuonyeshwa kituo cha mtihani. Kuna mama mwingine wa kujitegemea kama mimi, alikuwa na kitabu kizima. Nikamwomba nione tu yale mchwa walikula. Nikakuta ni kijakazi." Akanitazama kidogo. "Hata sikushangaa sana. Nilikuwa nimejiuliza, huyu mke mkubwa atoe wapi uchungu wa maji? Anayechota ndiye anajua."

"Sasa, wui, kwa nini hukuandika hivyo?"

"Nilikupigia, dada. Mara tatu."

Nilitazama chai yangu ikifanya utando.

"Ningekutumia ujumbe," akaendelea, "nikaona, akiziona simu tatu si atapiga? Usiku nikafikiria. Nikasema, labda kile cha yule mama ni chapa ya uongo, hizi za kuuziwa barabarani. Ama nimesoma vibaya kwa haraka. Mwalimu ni wewe. Umesomea. Nikasema, nikiacha neno la dada yangu nishike la mtu niliyekutana naye leo, nitakuwa mtu wa aina gani?" Akapepeta ungo mara mbili. "Kwa hivyo nikaandika mke mkubwa. Na sifa zake zote niliziweka."

Nilimwambia tutajiandikisha tena. Nilimwambia nitamletea kitabu kipya kesho yake, nitakuja kila Jumamosi mimi mwenyewe, hakuna video wala nini. Nilikuwa naongea haraka kama yule mwalimu wa mtandaoni asiyepumua.

"Hapana," akasema. "Nimechoka." Alilisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana hasira ningeiweza. "Sijakukasirikia. Nimechoka tu."

Yule dereva wake alikuwa ameingia upande wa mbele, tukamsikia akiuliza kama kuna chakula na kama kisima kilifunguliwa mwishowe. Mdogo wangu akainuka, akajipangusa mikono kwa leso. Kabla hajaenda akasema, "Ile video uliyoiondoa, irekodi upya. Kuna mwingine huko ambaye mchwa wamekula chake." Akaichukua simu yangu, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akaikagua kama imesimama sawa. Nikatoa kile kitabu cha shule mkobani, nikakifungua ukurasa wenyewe, nikaweka kidole chini ya mstari. Nilisoma polepole jina la msemaji, kisha maneno yake, huku namsikia yeye upande wa pili akimjibu dereva: "Kilifunguliwa. Alikifungua kijakazi."

Siku hizi akinipigia, hata niwe nimelala, naipokea kabla haijalia mara ya pili. Hana swali tena. Huwa ni salamu tu, ananiuliza kama mvua imenyesha Kalamba.